Siku Barua Yangu Ilipomwita Bwana Lali Sambusa

Aibu yangu naisimulia mwenyewe, kwa kinywa changu, maana mkiisikia kwa watu wa Faza mtaambiwa na yasiyokuwako, na yaliyokuwako, wallahi, yanatosha kunizika. Nimechekwa sokoni, nimechekwa gatini, nimechekwa hata msikitini (baada ya kutoa salamu, si kabla, watu wa Lamu wana adabu zao), kwa hivyo na nyinyi chekeni tu, lakini mnisikilize mpaka mwisho.

Mimi ni Athmani, fundi wa simu, redio na kompyuta hapa Mkomani, nina kijiduka ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na ndani kimejaa vitu vya watu vinavyongoja mkono wangu. Mwenye kitu akija namwambia, "Kesho, inshallah, utakikuta tayari," anaondoka, kesho yake anarudi, namwambia yale yale, na maisha yanaenda. Sikuona ubaya. Fundi gani asiyesema kesho?

Sasa, wakati ule nilikuwa na mambo mawili makubwa kwa pamoja. La kwanza ni posa. Ami yangu alikuwa amekwenda kwa Bwana Lali kuniposea bintiye Salma, mwalimu wa skuli kule Wiyoni (tulijuana nilipoitwa kutengeneza kompyuta ya skuli, na ile kompyuta, Mungu anisamehe, haikuwa mbovu kiasi cha kurudi mara nne). Bwana Lali akajibu kama wanavyojibu wazee wetu: "Tumesikia. Tutasemezana na jamaa, jawabu tutaleta." Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu, mamangu akawa kila mlango ukigongwa anajifunga leso vizuri.

Na Bwana Lali si mtu wa kuchezea. Ni mtu wa majumba, wa ukoo mkubwa, kanzu yake nyeupe hata siku ya mvua, koti juu yake, bakora mkononi, akipita kichochoroni hata wanaobishana mpira hupunguza sauti.

Jambo la pili ni la Chama cha Visiwa, kile chama cha wazee wanaokutana juu ya mambo ya maji na zahanati na maboti ya wagonjwa, kuanzia hapa Lamu mpaka Faza, Kizingitini na ng'ambo Mkokoni. Shida yao ilikuwa mawasiliano: intaneti inakatika, simu Mkokoni mpaka upande juu ya kitu. Walikuwa na kompyuta sita za kupewa, zile ambazo unaziwasha, unakwenda kuswali, unarudi unazikuta bado zinafikiri, na walikuwa na milingoti ya antena inayounganisha vijiji bila kupitia intaneti. Wakaniuliza, Athmani, hizi zinaweza kutumiana barua? Nami, kwa vile Bwana Lali alikuwa amekaa pale pale ananitazama, nikasema zinaweza sana.

Nikaitafuta programu ya barua ya zamani, ya mwanzo mwanzo kabisa, ya wakati kompyuta hazijajua picha. Skrini nyeusi, maandishi ya kijani, hakuna cha kubofya, unaandika amri na inatii. Nyepesi hiyo, hata zile kompyuta zetu wagonjwa ziliibeba. Ila iliandikwa kwa ajili ya mashine za ng'ambo, kwa hivyo ilinibidi niifunze mambo yetu: nikaifunza kungoja mlingoti wa Mkokoni unapopotea na kujaribu tena baada ya muda, nikaifunza kutoa barua kwenye printa maana wazee hawasomi skrini, na maneno yake yote nikayageuza Kiswahili. Barua ikifika haikusema tena yale maneno yake ya kizungu, iliandika "Hodi! Una barua." Nikaongeza na heshima, kila barua ianze na "Mheshimiwa" kisha jina la mtu. Niliipenda ile kazi, jamani. Wiki nne nilikuwa nayo, na redio za watu zilinisubiri.

Basi ikabaki kuingiza majina ya wanachama. Na hapo ndipo shetani alipopiga hodi bila printa.

Ile programu ina sharti lake: kila mtu jina moja, lisifanane na la mwenzake, na lisizidi herufi nane. Herufi nane! Katika visiwa hivi! Wanachama walikuwa ishirini na wanne, ndani yake Mohamed Ali watatu, Ali Mohamed wawili, na Lali wanne. Nikaandika Mohamed wa kwanza, ikakubali. Nikaandika wa pili, ikaniambia, kwa Kiswahili nilichoifunza mwenyewe, "Huyu tunaye tayari." Nikajaribu kufupisha, nikachanganyikiwa mwenyewe nisijue mohali ni yupi na alimoha ni yupi.

Na nyinyi mnajua sisi watu wa hapa tunavyotambuana. Ukisema Mohamed Ali utaulizwa, "Yupi?" Kila mtu ana lakabu yake, aliyopewa na mji, na mji haukumwomba ruhusa. Tena lakabu zenyewe ni za nyuma ya mgongo: zinatajwa barazani, zinatajwa jikoni, mwenyewe akitokea zinamezwa na mate. Mwenyekiti wetu Bwana Famau, kwa mfano, mji unamwita Pweza, kwa vile kwenye sinia mkono wake unafika pande zote. Kuna Jogoo, kuna Kiroboto asiyetulia pahali. Na Bwana Lali ni Sambusa. Husemwa kwamba zamani, kwenye walima wa harusi moja, alitia sambusa sita ndani ya mfuko wa koti, kisha akaombwa asimame asome dua, na alipokuwa amenyanyua mikono mafuta yakapenya koti, yakashuka kwenye kanzu nyeupe mpaka gotini, watu wanaitikia amina huku wanafuata lile doa kwa macho. Miaka mingi hiyo, mimi bado mchanga, lakini mji hausahau.

Sasa nikiwa nimechoka, mikono ikaandika yenyewe. Pweza, ikakubali. Jogoo, ikakubali. Kiroboto, herufi nane kamili, ikakubali. Sambusa. Hapo nilisita kidogo, nikasema ni ya majaribio tu, nijue barua zinafika, kesho nitabadilisha.

Kesho nitabadilisha. Mnaona mambo yanavyoanza?

Kuna kitu kimoja zaidi mkijue. Ile programu barua inapoipeleka huandika juu yake, kwanza kabisa, majina ya wote waliopelekewa, moja baada ya moja. Kwenye mashine yangu nilikuwa nimeyaficha kwa sababu yalinijazia skrini, nikakaa wiki nne siyaoni, na kitu usichokiona wiki nne unasahau kwamba kipo. Kwenye mashine za wenzangu yalikuwa pale pale.

Jioni ile ile Bwana Famau akaja dukani akitweta. "Athmani, wazee wa Pate wamekuja kwa shughuli zao, wapo wote. Tunazindua kesho asubuhi!" Nikamwambia, Bwana, nipe siku mbili. Akacheka: "Wewe si kila siku wasema kesho? Basi kesho hiyo." Nikasema moyoni majina nitayarekebisha alfajiri. Alfajiri nikaitwa kubeba viti, baada ya viti waya, baada ya waya spika haisemi, mara nageuka ukumbi umejaa.

Wazee mbele, wanawake upande wao, mamangu amevaa buibui jipya, na Salma, alhamdulillahi, amekaa nyuma yake kidogo. Birika za kahawa zinazunguka, mahamri yanazunguka, na Bwana Lali safu ya kwanza katikati. Kabla sijaanza akaniashiria kwa bakora nisogee, akanong'ona, "Kazi nzuri, mwanangu. Ukimaliza hapa upite nyumbani, tuna maneno." Nikamtazama mamangu, na mamangu, ambaye hakusikia kitu lakini mama hujua, akafunika mdomo kwa leso. Jawabu la posa lilikuwa mfukoni mwa yule mzee, limebaki kutolewa tu.

Nikaandika barua ya kwanza. "Assalamu alaikum. Hii ni barua ya kwanza ya Chama chetu. Mungu atie baraka." Nikaituma kwa wote. Bwana Famau akapiga simu Faza, akaiweka kwenye spika ili ukumbi wote usikie.

"Mwalimu Bakari! Barua imefika?"

"Imefika!" ikasema spika, na nyuma yake tukasikia printa ikikereza na watu wakipiga makofi. "Imesema hodi, nami nimeikaribisha!"

Ukumbi ukacheka kwa furaha. Mimi nikacheka pia, masikini ya Mungu.

"Basi tusomee," akasema Bwana Famau.

Huyu Mwalimu Bakari, kwa asiyemjua, maisha yake yote amewasomea watu barua zao pale Faza, na kwake barua ni amana: anaisoma kuanzia herufi ya kwanza ya juu mpaka nukta ya mwisho, haruki kitu, hata stempu atakwambia ina picha gani. Akakohoa, akaanza kwa sauti ya hutuba.

"'Kutoka kwa: fundi.' Naam. 'Kwa: pweza.'" Akakohoa tena. "'Kwa: jogoo. Kwa: sambusa. Kwa: kiroboto.' Athmani, hii ni barua ama ni orodha ya chakula cha walima? Na ikiwa ni chakula, kiroboto ameingiaje?"

 Nikaruka kuizima simu, nikajikwaa waya, nikaanguka na kiti na birika moja ya kahawa, na huku niko chini mwalimu anaendelea, "'Kwa: dharuba. Kwa: kijiti...'" Mtu mmoja nyuma akacheka, akafuata wa pili, kisha ukumbi mzima ukapasuka, watu wanafuta machozi kwa vilemba. Bwana Famau akauliza, "Lakini pweza ni nani?" na hakuna aliyemjibu, maana mkono wake ulikuwa umeshika hamri la tatu.

Lakini si kicheko kilichoniua. Kilichoniua ni kwamba liliposomwa neno sambusa, watu wote, wote, waligeuka kwa pamoja wakamtazama Bwana Lali. Laiti wangetazama dari! Yeye akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha nikauona mkono wake unakwenda wenyewe kwenye mfuko wa koti, unaupapasa. Akasimama. Kicheko kikakatika. Akachukua bakora yake akatoka.

Mtu mwenye akili angemfuata mlangoni akamwangukia miguuni. Mimi, kwa akili zangu za fundi, nikaona kosa limefanywa na barua basi lisahihishwe na barua. Nikaketi, nikaandika haraka kwamba yale majina yalikuwa ya majaribio, hayana nia mbaya, na hasa hasa namwomba radhi mzee wangu kwa moyo wangu wote. Nikaielekeza kwake, nakala kwa wote, nikatuma. Ilipokwisha kwenda ndipo nilipokumbuka ile heshima niliyoiongeza kwa mikono yangu. Katika vijiji vyote printa zikatoa karatasi imeandikwa juu: "Mheshimiwa sambusa, nakuomba radhi."

Na haikuishia hapo! Mlingoti wa Mkokoni ulikuwa umepotea, na mimi si ndiye niliyeifunza programu kwamba isipojibiwa ijaribu tena? Kumbe Mkokoni walikuwa wanazipata, ni jawabu lao tu lisilorudi. Adhuhuri akanipigia Bi Mwanaisha, nesi wa zahanati ya kule. "Athmani, barua yako ya kuomba radhi nimeipata mara kumi na moja, karatasi zangu za dawa zimekwisha. Na nasikia Dharuba ndiye mimi?" Nikasema, Bi, nisamehe. Akasema, "Siku utakayohitaji sindano, mwanangu, ndiyo tutakayosameheana."

Nyumbani mamangu alikuwa ameketi kitandani, buibui hajavua. "Mwanangu," akasema, "nimekuzaa kwa uchungu, nikakusomesha, nikakupelekea posa nyumba ya watu. Umenivua nguo yeo mbele ya nti nzima." Akalia. Nami nikalia, sioni haya kusema, nililia kama mtoto, maana nilimpenda yule binti na nilijua nimempoteza kwa neno la herufi saba. Simu ikalia, ujumbe wa Salma: "Babangu yuko dakani peke yake. Hajala. Nenda."

Nikaenda. Ndia ya kwao ni fupi lakini siku hiyo ilikuwa ndefu, kila niliyepishana naye ananisalimia huku anajiuma midomo. Nikamkuta Bwana Lali amekaa kwenye jiwe la daka, mbele ya mlango wake, ile barua yangu ya radhi, aliyoletewa na watu, iko magotini imekunjwa vizuri. Nikampa salamu, akaitikia. Nikapiga magoti.

"Inuka, utachafua suruali," akasema. "Keti."

Nikaketi. Akasema polepole: "Mato ya watu wote yaliniangukia mimi. Hivyo ndivyo nilivyoyua kwamba jambo lile halikusahauliwa. Nalidhani limekwisha."

"Nisamehe, ami. Wallahi, nilitaka kubadilisha."

"Wamekwambia zilikuwa sita?"

"Naam."

"Zilikuwa nne." Akatabasamu kidogo sana. "Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na mimba, hali kitu, kila alichopewa kilimrudia. Siku ile natoka kwenda walima akaniambia, 'Lali, roho yangu inataka sambusa.' Sambusa tu! Nami kwa miezi nilikuwa nikimwona anakonda. Ningeomba mbele ya watu ningesema nini? Mambo ya ndani ya mtu na mkewe hayasemwi barazani. Nikatia mfukoni. Wakanicheka, nikanyamaza, nikaja nikampa zikiwa moto. Akazila zote nne." Akaipiga bakora chini. "Mimba yenyewe ni Salma."

Jamani, nilitamani lile daka lipasuke linimeze. Miaka yote mji unacheka, nami nacheka nao, na zile sambusa zilikuwa za mtu ninayetaka kumwoa.

Nikabaki nimeinamisha kichwa. Akaifungua ile barua, akavaa miwani. "Kitu kimoja kimenishangaza. Kila mtu umempa jina alilopewa na mji, wewe peke yako umejiandika fundi. Nani akwitaye fundi?"

Nikamtazama nisielewe.

"Mji mzima wakwita Kesho," akasema. "Hukuwa na habari? 'Peleka redio kwa Kesho.' 'Simu yangu iko kwa Kesho mwezi wa tatu.' Hata wenye punda wanakujua hivyo."

Kutoka ndani, nyuma ya mlango, nikasikia mtu anacheka amejiziba mdomo, na kicheko hicho nakijua. Nilitoka jasho mpaka kwenye masikio. Mimi! Niliyekuwa na lakabu za watu wote kichwani, yangu sikuijua! Sasa nikaelewa Bwana Famau alikuwa anacheka nini jana dukani.

"Basi ami," nikasema, "na jawabu la posa?"

Akanyanyuka, akapangusa kanzu, akaingia ndani, akageuka mlangoni.

"Kesho," akasema. "Inshallah."

Nikarudi kesho yake, akachungulia dirishani: "Kesho." Siku ya tatu, kesho. Siku ya nne mamangu akaniambia, "Mwanangu, huoni anachokufunza?" Nikafunga mlango wa duka nikiwa ndani, nikaanza kutoka kona moja kwenda nyingine. Redio, simu, pasi, spika ya madrasa iliyokaa kwangu mpaka walimu wakajifunza kupaza sauti. Kila kilichopona nakipeleka mwenyewe nyumbani kwa mwenyewe, na kwenye programu ya Chama nikamwendea kila mwanachama, ana kwa ana, nikamwuliza anataka aitwe nani (Bi Mwanaisha akasema, "Acha Dharuba, nimeizoea," na ndivyo alivyo mpaka leo). Siku ya kumi na mbili duka likabaki tupu, kuta naziona. Nikaenda kwa Bwana Lali nikamwambia, "Ami, hakuna mtu anayenidai kesho."

 Alimwita bintiye alete kahawa, na akasema alete vikombe vitatu.

Walima wetu ulikuwa mchana. Wanaume tumekaa kwenye mikeka, wanawake nyumba ya pili, pilau imekuja, na yalipokuja masinia ya sambusa watu wote wakaanza kutazama dari (safari hii walikumbuka). Bwana Lali akanyoosha mkono, akachukua moja, akaitia mfukoni mwa koti. Akachukua ya pili. Akachukua ya tatu na ya nne, polepole, kila mtu anamwona, mafuta yanaanza kupenya. Kisha akasimama na lile doa lake, akasema kwa sauti, "Hizi ni za Salma," akatoka kwenda nyumba ya pili. Hakuna aliyecheka. Bwana Famau alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kilemba.

Kwa hivyo mimi nimeapa: jina ambalo siwezi kumwita mtu usoni halitaingia tena kwenye mashine yangu, hata kwa majaribio, hata kwa dakika moja. Na lile neno jingine nimeliacha. Hivi ninavyowasimulia Salma ameniita kutoka jikoni, bomba linavuja, nami nilikuwa nimeshafungua mdomo kumjibu, basi mniwie radhi, nanyanyuka.